Ubao Tuliouinamisha

Mwende,

Sitakuandikia habari ya sweta. Wala sabuni, wala kufunga sanduku vizuri, wala kutompa mtu simu yako akushikie kwenye basi. Hayo nimeyasema kwa mdomo wiki nzima, na wewe umeitikia "sawa, Mum" kwa ile sauti yako ya mtu anayefunga mlango polepole. Sasa umeenda Lucky Summer kumuaga shangazi yako, nyumba imenyamaza, na mimi nimekaa juu ya sanduku lako kwa sababu viti vyote viwili vimebeba nguo zako.

Niko na hasira. Nakuambia mapema, ili ukisoma usidhani ni mwandiko wangu tu ulioharibika.

Kesho jioni unaenda Bungoma kusomea mambo ya umeme, na utakaa kwa Kukhu. Kati ya nyumba zote za Kenya hii, unaenda kulala kwa mtu ambaye mimi nilichangia akakosa pa kulala. Nusu ya habari hiyo unaijua, na kwa hiyo nusu umeninunia tangu ule moto wa kwetu. Nusu nyingine hakuna aliyekuambia. Kukhu hatakuambia, yeye si mtu wa kumsema mzazi mbele ya mtoto wake. Kwa hivyo naisema mimi.

Nianze mbali kidogo. Nilipokuwa na mimba yako nilikuwa msichana wa kwaya, bado navaa sketi ya shule. Tumbo lilipoonekana waliniondoa kwenye kwaya kwa heshima sana. Akina mama wa kanisa walikuja nyumbani, wakanizunguka, wakaniombea mpaka majirani wakatoa vichwa madirishani. Wakalia. Mmoja alilia zaidi yangu. Halafu wakajifunga leso zao wakaenda, na ulipozaliwa sikumwona hata mmoja wa kunishikia mtoto niende kibarua Industrial Area. Waliniombea sana, Mwende. Siwasingizii. Lakini mtoto alibaki mikononi mwangu.

Aliyekushika ni Mama Nafula. Alikuwa hanijui. Alikuwa na kibanda chake pale karibu na bomba la maji, anapika uji na mandazi, mimi napita asubuhi nimekubeba, geti la kiwanda linafungwa nikilitazama. Siku moja akaniita, "Wewe msichana, kila siku unakimbia na kila siku unarudi unalia. Lete huyo mtu." Nikamwambia sina cha kumpa. Akasema, "Nimekuitisha kitu?" Akakufunga mgongoni akaendelea kukanda unga. Jioni nikakukuta umelala, nywele zako zote unga, unafanana na kazee. Hivyo ndivyo ulivyokua. Ulimwita Kukhu kama wajukuu zake wa Bungoma wanavyomwita nyanya yao, kabla hujaniita mimi Mama, na watu wa ploti wakawa wanakuuliza kama Wakamba siku hizi wanazaliwa Bungoma.

Sasa hii habari ya ubao.

Unakumbuka ule moto wa upande wa pili wa mto, ulioteketeza mstari mzima huku gari la zimamoto limesimama barabarani halina pa kupita. Kesho yake kila mtu alikuwa na pole. Mtaa wetu huu wa Reuben una pole nyingi kuliko maji. Mheshimiwa mmoja akaja na magodoro, akapigwa picha na kila godoro. Sisi tukapeleka nguo za zamani, tukajisikia watu wazuri. Kukhu peke yake ndiye hakupeleka nguo. Alienda barabarani, gari bado liko pale wanakunja mipira, akamwambia dereva, "Simama hivyo hivyo nikupime." Akavua leso yake akainyoosha mbele ya gari. Leso nzima na nusu ya pili. Akapiga fundo pale gari lilipoishia, akaja nayo kwetu.

Alituambia kwenye kikundi chetu cha akina mama wa ploti, "Nguo mmepeleka, vizuri. Sasa gari likija kwetu litapitia wapi?"

Fundi akatukatia ubao wa urefu ule. Na tukaweka sheria moja tu: watu wawili wanashika ubao kila mmoja ncha yake, wanautembeza njiani kutoka barabarani mpaka mwisho wa ploti, ukiwa umelala sawasawa kama meza. Chochote utakachogusa, kinasogea. Vyuma vya dirisha, tangi, kamba ya nguo, kibanda, chochote. Kukhu alishika ncha ya kulia, mimi ya kushoto. Nilijivuna, usicheke. Mimi niliyeacha shule njiani, natembea katikati ya mtaa wetu na kitu kilichotoka kwa akili zetu wenyewe, si cha kuletewa na gari la msaada lenye nembo.

Ulikuwa shuleni siku hiyo. Ubao uligusa matangi, ukagusa jiko la mwenye chapati, ukagusa choo cha mbao. Watu walinung'unika lakini wakasogeza. Halafu ukafika bomba la maji, ukagusa kibanda cha Kukhu. Uligusa sana, si kidogo. Sisi wote tukasimama. Mama Shiru, unajua mdomo wake, akasema, "Aah, hiki kibanda ni kama kanisa, kipite tu." Watu wakacheka. Mimi nilitaka kusema hivyo hivyo.

Kukhu aliweka ncha yake chini. Akaangalia kibanda, akaangalia leso yake kiunoni. Akasema, "Kimegusa." Kisha akaingia ndani akatoa sufuria, jiko, ile benchi uliyokuwa ukilalia, akamwomba fundi nyundo. Mwanamume mmoja akaja kumsaidia akamfukuza, "Nilikijenga mimi. Hakuna atakayekipiga kabla yangu." Akapiga msumari wa kwanza mwenyewe. Kwa hiyo uliponiambia, "Mum, mlimbomolea Kukhu kwa sababu hana mtu hapa," ulikosea. Kukhu alijibomolea. Alifanya hivyo kwa kuwa aliamini ubao umelala sawa kwa kila mtu.

Hapo ndipo nusu yako inaishia.

Tukainua ubao tukaendelea. Mbele kidogo, unajua, kuna ile ngazi ya chuma ya ghorofa ya mwenye ploti wetu, iliyotoka nje ikakaa kwenye njia ya umma kama mtu aliyenyoosha miguu sebuleni kwa wenyewe. Msimamizi wake, Musyoka, alikuwa amekaa kwenye kipandio cha tatu anachokonoa meno. Alituona tukija tangu mbali. Hakusimama.

Akaniamkua kwa Kikamba, vizuri kabisa. Akaniuliza habari ya baba yangu. Kisha akasema kwa Kiswahili, kila mtu asikie, "Mama Mwende, mlango wako unafunga vizuri siku hizi? Maana milango ya hapa ukiisumbua, inakataa kufunguka."

Ni hayo tu. Hakunitukana, hakunigusa. Na mimi, Mwende, nikainua ncha yangu. Kidogo. Ubao ukakaa mshazari, ukapita kando ya ngazi bila kuigusa, kama mtu anayepitisha godoro mlangoni. Hakuna aliyeniambia niinue. Mkono wenyewe ulipanda.

Kukhu alikuwa upande wa pili, ubao umemvuta chini. Akaniuliza, "Mbona unainua?"

Nikasema, "Ni mahali padogo tu, Mama."

Akasema, "Na gari nalo litainuka?"

Mama Shiru akacheka. Wengine wakacheka. Tulicheka ili lile swali lionekane kama utani, na tukaendelea mpaka mwisho wa ploti, tukapiga makofi, tukanywa soda. Nyuma yetu mbao za kibanda cha Kukhu zilikuwa zimelazwa ukutani.

Nimejiuliza mara nyingi mkono wangu ulijifunzia wapi kupanda vile. Najua. Babu yako alichonga vinyago maisha yake yote katika chumba ambacho mvua iliingia, na kila tukilalamika alituambia, "Nyamazeni, tusijulikane." Hakuwa mwoga kwa watu wake. Aliogopa tu kutupwa nje na watoto. Mimi nilikulia ndani ya hiyo nyamazeni, nikadhani ni tabia nzuri. Nikakufundisha na wewe. Ulipokuwa mdogo ukiuliza kwa sauti kwa nini Musyoka anafunga choo, nilikufinya. Ile kufinya yote naomba uitapike. Usiende nayo Bungoma.

Na sisemi haya ili unionee huruma. Hata huruma nayo naikasirikia, ile ya aina ya kwetu, inayosubiri mtu aungue ndipo ifike imeshika blanketi. Ni rahisi kumpenda mtu aliyeungua. Anayeuza uji ukiwa hujakosa kitu, anayekuuliza gari litapitia wapi, huyo anachosha. Tulimpenda Kukhu alipokuwa hospitali kuliko tulivyompenda alipokuwa ameshika ubao.

Moto wetu ulikuja mchana, jua kali, kutoka kwa zile nyaya za kuunganisha unazozijua wewe kuliko mimi. Gari la zimamoto lilifika mapema, hiyo lazima niseme. Liliingia njia yetu. Vijana walikuwa wanalikimbilia mbele wakipiga mabati kwa furaha, gari limeingia Reuben. Likapita palipokuwa na choo. Likapita juu ya pale palipokuwa na kibanda cha Kukhu, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti. Likafika kwenye ngazi likasimama.

Dereva alishuka. Akaiangalia ngazi, akatuangalia sisi wanawake na ndoo zetu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Hapa mlipimaje?"

Nikainua ndoo yangu nikakimbilia bombani.

Mipira haikufika. Tulipigana na ule moto kwa ndoo na matope na kung'oa mabati, wewe ulikuwepo, uliyaona mengine yote. Chumba cha Kukhu kilikuwa nyuma ya ngazi, alikohamia kwa kuwa hakuwa tena na biashara ya kumlipia chumba chake cha zamani cha mbele. Mikono yake uliiona. Ulimwona akitoka na yule mtoto wa jirani amemfunika kwa ile leso, ile ile ya fundo.

Nilienda hospitali na machungwa. Nimeyachagua mazuri, nimeyafunga kwa karatasi. Alikuwa amekaa, mikono imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, akaniangalia kama mtu anayesubiri mvua ipite aendelee na safari. Nilipomaliza akasema, "Machungwa sitaki. Nataka ile ngazi."

Nikasema, "Mama, nisamehe."

Akasema, "Hiyo tutaongea. Ngazi kwanza."

Kisha mtoto wake akaja akamchukua kwenda kwao, na ngazi bado iko, na wewe ukaacha kula nami meza moja. Uliniambia siku ile unaosha vyombo, mgongo umenipa, "Nyinyi watu wazima wa huku mko wakali tu kwa mtu asiyeweza kuwarudishia." Nilitaka kukupiga. Si kwa sababu ulinikosea adabu. Ulikuwa umesema kweli na ukaisema vizuri kunishinda.

Hujui nimekuwa wapi jioni zote hizi. Ulidhani ni kanisani. Nimekuwa nikibisha milango. Nilidhani nitawaambia watu habari ya Kukhu, nao watainuka. Walilia. Wakasema pole. Wakafunga mlango. Mlango baada ya mlango, nikirudi nyumbani nimekasirika mpaka nashindwa kula. Kwenye ofisi ya serikali nako tulikwenda, tukaambiwa turudi, tukarudi, tukaambiwa aliyetuambia turudi amehamishwa.

Ikanichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nawapelekea watu machungwa. Nilikuwa nataka wahisi vibaya kama mimi. Sasa mtu akihisi vibaya atafanya nini na ngazi ya chuma? Ikabidi nianze kuuliza badala ya kusimulia. Kwa Mama Shiru niliuliza, "Unaogopa nini hasa?" Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Akasema, "Naogopa nitoke niwe peke yangu." Nikaenda mlango wa pili, jibu likawa lile lile. Wa tatu, lile lile. Kila mmoja ndani ya chumba chake anaogopa kuwa peke yake, na ukuta kati yao ni bati moja, wanasikiana wakikohoa. Siku hiyo nilicheka njiani kama mwendawazimu. Nilirudi kwa Mama Shiru nikamwambia, "Woga wako uko na dada zake huku mstari mzima."

Na wale wa juu ghorofani, hao hatukuwa tumewauliza kabisa hapo awali. Tungekata ngazi wangeshukaje na watoto? Huo nao ulikuwa upumbavu wetu, kumhurumia mmoja kwa kumsahau mwingine. Tukapanda tukakaa nao. Mmoja wao ndiye aliyesema ngazi yenyewe inaweza kugeuzwa iingie uani, nafasi ipo, mwenye ploti ameijaza mabati mabovu tu. Fundi wa kuchomelea amekuja akaona. Amesema ni kazi ya siku moja, na siku hiyo watoto wa juu watashinda kwangu na kwa Mama Shiru.

Basi kazi hiyo ni kesho. Nilikuficha kwa sababu ni siku yako ya kusafiri na sikutaka uibebe. Halafu leo nimekaa juu ya hili sanduku nikaona kukuficha nako ni kukufinya.

Asubuhi ubao unatoka. Unatoka barabarani unakuja mpaka kwenye ngazi, na safari hii unagusa. Fundi yuko tayari. Musyoka ameshasikia. Jana alinikuta bombani akasema, bila Kikamba, "Ngazi ikiguswa, wewe unahama." Nikamwambia nimesikia. Mama Shiru alikuwa nyuma yangu na ndoo kichwani, akasema, "Bwana Musyoka, akihama huyu utatafuta gunia." Musyoka akauliza la nini. Akasema, "La kubebea funguo. Tutakuletea zote siku hiyo hiyo, mstari mzima, uwe unalala chumba hiki na hiki kwa zamu." Musyoka alicheka, lakini hakucheka vizuri.

Tumekubaliana hivyo kweli. Akifungiwa mmoja, funguo zote zinarudishwa. Sijui kama watatokea. Mdomo wa bombani ni mmoja na miguu ya asubuhi ni mingine, na mimi mwenyewe najua mkono unavyoweza kupanda bila kuulizwa. Inawezekana ukirudi likizo usinikute kwenye chumba hiki ulimozaliwa. Nimeshalifikiria hilo, na bado sitaki tunyamaze tusijulikane.

Lakini nina tumaini, Mwende. Ni kitu cha ajabu kuwa na hasira kiasi hiki na bado kuwa na tumaini, nilidhani kimoja hufukuza kingine. Nimewaona watu hawa wakikaa chini usiku wa jana na juzi, wa Ukambani, wa Magharibi, wale wa ghorofani na wa chini, wakibishana ni nani atashika mtoto wa nani. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanapanga. Nikafikiria wale akina mama wa kanisa, nikajua hiki ndicho nilichokuwa nikingoja toka kwao nikiwa na wewe tumboni.

Sasa ninalokuomba. Basi lako ni la jioni. Ncha ya kulia ya ubao ilikuwa ya Kukhu, na tangu aondoke haijapata mtu. Mama Shiru anaitaka. Nimemkatalia. Mama Shiru ananipenda sana, na ndiyo shida. Akiona Musyoka amenikazia macho na mkono wangu unaanza kupanda, atanionea huruma, na yeye atainua upande wake ili anisaidie, na tutapita pale tena tukicheka. Nataka upande ule mtu mwenye hasira nami. Mtu asiyenisamehe bado. Katika Reuben nzima mtu huyo ni wewe.

Usinisamehe leo, basi. Subiri. Amka, kunywa chai, njoo ushike. Shika kama Kukhu alivyoshika, usinitazame usoni, tazama ubao. Ukiona upande wangu unapanda, hata kama ni upana wa kidole, usiseme Mum. Niite Josephine, mbele ya watu wote, kama unavyomwita mtu asiye mama wa mtu yeyote. Hakuna atakayekugombeza kwa kukosa adabu. Nimeshawaambia.

Na ukifika Bungoma usianze na salamu zangu. Hatazitaka. Atakukaribisha, atakuangalia kama umekonda, halafu kabla hujakaa atakuuliza ngazi iko wapi. Nataka umjibu ulichokiona kwa macho yako.

Ubao nimeuegemeza nje ya mlango wetu. Ukitoka asubuhi utaugusa.

Mama yako